Mitihani ya majaribio ya MCAT na namna nilivyojifunza kusoma alama zake

Kabla ya kufanya MCAT, mtihani wa kuombea vyuo vya udaktari, huku Minnesota, Marekani, nilifanya mitihani sita ya majaribio: miwili ya kampuni moja ya maandalizi na minne ya AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari vya Marekani, ambao ndio wenye mtihani wenyewe.

Ule wa kwanza, wa kampuni, ulinipa 491. Alama za MCAT zinaanzia 472 na kuishia 528, katikati ni 500, kwa hiyo nikajiona nimeshafeli udaktari kabla sijaomba chuo. Nikampigia dada mmoja wa nyumbani anayesoma udaktari hapa. Hakuniuliza nimepata ngapi, aliniuliza nimeufanya lini na vipi. Nikamweleza: nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, nimelala saa mbili tu, nimekaa mezani jioni, na kila mtoto akilia naisimamisha saa. Akasema, "Mdogo wangu, mtihani wenyewe unaanza saa mbili asubuhi na utakaa pale zaidi ya saa saba. Hapo bado hujajipima."

Wa pili wa kampuni hiyo: 497. Halafu wa kwanza wa AAMC, siku ya mapumziko, saa mbili asubuhi, simu imezimwa: 502. Nilichogundua ni kwamba kampuni ile inakokotoa alama kwa jedwali lake yenyewe, na maswali yake yana mahesabu marefu kuliko ya AAMC. Yalinifaa kwa mazoezi. Kwa kukisia alama, hapana.

Kilichonisaidia zaidi ni kuiacha ile 502 na kuangalia sehemu nne zinazoiunda, kila moja kati ya 118 na 132. Fizikia na kemia 127, biolojia 128, saikolojia na sosholojia 127, na CARS, yaani kusoma na kuchambua, 120. CARS haitaki uwe umekariri chochote. Ni vifungu 9, maswali 53, dakika 90. Kiingereza ni lugha yangu ya tatu, nikadhani tatizo ni msamiati. Nilipopitia majibu yangu moja moja nikakuta maswali niliyoyajibu mengi niliyapata. Ila kifungu kizima cha mwisho kilikuwa kitupu! Muda uliniishia, na MCAT haikati alama kwa jibu la kukosea, kwa hiyo hata kubahatisha kungeniongezea kitu. Tangu siku hiyo nilijipangia dakika 10 kwa kila kifungu, na sikuacha swali wazi tena.

Iliyofuata ilikuwa 504, 507, 505. Iliposhuka kutoka 507 niliumia sana, mpaka nilipoelewa kwamba AAMC wenyewe huihesabu alama ya jumla kuwa na nafasi ya pointi 2 juu na 2 chini. Kwa hiyo 505 na 507 ni mtu yuleyule. Siku yenyewe nikapata 506, CARS ikiwa 123.

Mitihani ya AAMC naipendekeza kwa moyo wote, hasa ule wa bure kwa walio na bajeti ndogo kama mimi. Angalizo moja tu: usirudie mtihani uleule wiki mbili kabla ya siku yako. Utayakumbuka maswali, alama itapanda, na hutajua imepandishwa na nini.