Sauvignon Blanc ya pwani ya Cape: kagua chupa kabla ya jina

Malalamiko ya wasomaji yanafanana. Mtu kalipia Sauvignon Blanc, mvinyo mweupe mkavu wa Cape, Afrika Kusini, kwa bei ya juu, kafika nyumbani kaufungua, anakutana na harufu ya kabichi iliyochemka. Lawama zote anazirusha kwa shamba, wakati mara nyingi kilichouharibu ni taa za dukani.

Chupa isiyo na rangi haizuii mwanga. Mwanga ukipenya, unaiamsha vitamini B2 iliyomo kwenye mvinyo, nayo inavunja asidi-amino iitwayo methionini na kuzaa viini vya salfa vyenye harufu ya kabichi au sufu iliyolowa. Chini ya taa za mirija, siku chache zinatosha. Chupa ya kijani inazuia kiasi, ya kahawia inazuia vizuri zaidi. Mvinyo mwekundu una tanini (viini vya ukakasi kutoka maganda ya zabibu) za kuukinga, mweupe karibu hauna. Na hata kabla harufu mbaya haijatokea, ile ya matunda uliyoilipia huwa imeshafifia. Hata ukiuacha wazi upigwe na hewa, haurudi ulivyokuwa.

Kwa hiyo usichukue chupa ya mbele kwenye rafu. Omba ya kwenye boksi, kutoka stoo. Pitisha kidole chini ya kifuniko: pakinata, ujue mvinyo ulipata joto, ukatanuka, ukavuja. Kisha soma mwaka. Cape huvuna kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Machi, na Sauvignon Blanc isiyokaa kwenye pipa ninaitaka ndani ya miaka 2 tangu mavuno.

Lebo nayo ina mtego. Maneno “Coastal Region” (eneo la pwani) hayakuhakikishii ubaridi wa bahari, maana eneo hilo linajumuisha hata Paarl na Tulbagh, bara kwenye joto. Tafuta jina la mahali penyewe.

Namba moja kwangu ni Elgin, na ndani ya Elgin ni Iona. Sifichi upendeleo huu. Elgin ni uwanda wa juu unaojulikana kwa matufaha, na shamba la Iona liko mita 420 hivi juu ya usawa wa bahari, likipigwa na upepo wa Atlantiki. Zabibu zinaiva polepole, uchachu unabaki, na ladha inakaa mdomoni muda mrefu bila ule ukali unaokwaruza koo. Ukiikosa, chukua Paul Cluver, wa Elgin hiyohiyo.

Ya pili ni Constantia, ambako upepo kutoka ghuba ya False Bay hupooza mashamba. Shamba la Steenberg ndilo la kuanzia. Klein Constantia nayo ni nzuri, ila usichanganye: Vin de Constance yao, ile ya chupa ndogo ya mililita 500, ni mvinyo mtamu.

Elim, karibu na Cape Agulhas, ndiyo yenye ladha ya majani mabichi na chumvichumvi kuliko zote. Jaribu First Sighting ya shamba la Strandveld, na uinywe pamoja na chaza au pweza. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ni adimu madukani kwetu.

Bajeti ikibana, chukua Durbanville Hills au Diemersdal, zote za eneo la Durbanville. Sanduku la lita 5 lililoandikwa “Western Cape” tu, yaani jina la jimbo zima, liache.

Nyumbani, jaza ndoo barafu nusu na maji nusu, tia kiganja cha chumvi, zamisha chupa dakika 20. Unataka nyuzi 8 hadi 10. Ikipoa zaidi ya hapo, hata mvinyo bora unakuwa maji ya ndimu.

Wauzaji wanakera. Chupa ya bei kubwa ndiyo wanaiweka chini ya taa kali kuliko zote, halafu ukirudi nayo wanakwambia iliyofunguliwa hairudishwi. Sasa kasoro hii utaijuaje bila kufungua? Na ya miaka mitano iliyopita wanaiuza bei ileile ya mavuno mapya. Mwambie mwenye duka mapema, kabla hujatoa hela, kwamba ikinuka kabichi unairudisha, na akuandikie hivyo kwenye risiti pamoja na mwaka wa mavuno. Akikataa, nenda duka jingine.