Red Rising ya Pierce Brown: kitabu cha wachimba mgodi wa Mirihi, na vile sisi wa Kasese tumekipokea

Nimemaliza Red Rising na nimeshaanza kuirudia, kwa hiyo wacha niandike wakati bado iko moto kichwani. Ni riwaya ya Pierce Brown, Mmarekani, ilitoka 2014, ndo ya kwanza kwenye mfululizo ambao kufikia 2023 ulikuwa umefika vitabu sita (cha sita, Light Bringer, kilitoka mwaka huo). Wengi wakisikia sayari ya Mirihi wanafikiri ni mambo ya roketi na bunduki za mwanga tu. Roketi zipo, vita vipo vingi tena vikali, lakini kwangu mimi hiki ni kitabu cha mgodi, na sehemu ya mgodi ndo imenishika kuliko zingine zote.

Mambo yenyewe yako hivi. Miaka mingi mbele binadamu wametawanyika kwenye sayari zote za jua letu na wamegawanywa kwa rangi, matabaka 14, na rangi yako unazaliwa nayo na unakufa nayo, alama yake iko juu ya mikono yako kila mtu aione. Juu kabisa wako Dhahabu, wenye kutawala. Chini yao Fedha wanashika pesa na biashara, Shaba ndo watu wa ofisi na mafaili, Weupe wanahukumu, Manjano ni madaktari, Buluu wanarusha vyombo vya anga, Kijivu ni askari, Kahawia wanapika na kufagia, Waridi wametengenezwa kwa starehe za wakubwa, na chini kabisa wako Wekundu. Mwekundu anachimba. Baba yake alichimba, mtoto wake atachimba, wengi hawafiki uzee.

Darrow ana miaka 16, ana mke tayari, anaitwa Eo. Kazi yake ni kuendesha ule mtambo mkubwa wa makucha unaotoboa mwamba huko chini kabisa, wanatafuta gesi ya heliamu-3, na huko kuna joto, kuna mifuko ya gesi inayolipuka, kuna nyoka, na kila mchimbaji anabeba kisu kilichopinda ambacho kazi yake moja ni kukata mkono au mguu wako mwenyewe mtambo ukikubana. Soma zile kurasa za kwanza taratibu. Mwandishi hakueleza mgodi kwa mbali, anakuweka ndani ya ile nguo nzito, unasikia kijana anavyopima kwa vidole vyake kama gesi imetulia au bado, na wenzake wanampigia kelele arudi na yeye hataki kurudi kwa sababu kuna tuzo.

Hiyo tuzo ndo nataka kukaa nayo kidogo maana kwangu ni moyo wa kitabu chote. Inaitwa Laurel. Kila robo ya mwaka, ule ukoo uliochimba heliamu nyingi kuliko wengine unapewa chakula cha ziada, dawa, na vitu vizuri vizuri, na wengine wote wanabaki na mgao wao wa njaa. Darrow ni wa ukoo wa Lambda. Tuzo inachukuliwa na Gamma, kila mara Gamma, miaka nenda miaka rudi. Darrow anahatarisha maisha yake pale mwanzo, anafanya hesabu zake, anajua kabisa safari hii Lambda wamewapita, watoto nyumbani watakula sukari, alafu matokeo yanatoka, Gamma tena. Hasira yote ya Lambda inaenda wapi? Kwa Gamma. Wanawachukia wale majirani zao Wekundu wenzao, wanapigana nao, hawaoi kwao kwa raha, na hakuna anayeinua kichwa kumuangalia yule anayeshika mizani. Mwandishi anaonyesha kwamba mfumo wa matabaka haushikiliwi na bunduki peke yake, unashikiliwa na ile njia ya kuwapa wachache kidogo ili wengi wawachukie hao wachache.

Kuna vijana hapa kwetu mjini Kasese, magharibi mwa Uganda, tunakutana jioni pale wanapochajisha simu, wengine wa boda, wengine wamemaliza Senior 4 wanangoja matokeo, na nimekuwa nawasimulia kitabu hiki kwa Kiswahili sura kwa sura kwa sababu Kiingereza chake kina maneno ya kubuni mengi. Siku ya Laurel ilizuka kelele mpaka mwenye kibanda akazima redio asikilize. Mmoja akauliza, sasa hao Gamma, kwa nini hawakugawana na wenzao kile chakula? Mwingine akamjibu, wewe ungegawana? Na watoto wako wana njaa? Tukakaa hapo jioni nzima, hatukusoma hata ukurasa mmoja mbele. Mi sijaona riwaya nyingine ya maroketi inayoweza kufanya hivyo kwa watu ambao hawajali maroketi.

Labda ni kwa sababu ya mahali tulipo. Mgodi wa shaba wa Kilembe uko hapo juu, reli ilifika Kasese 1956 kwa ajili ya ile shaba, ikawa inapelekwa Jinja kuyeyushwa, na wazee waliofanya kazi mgodini bado wako kati yetu ingawa mgodi ulisimama tangu miaka ya 80 mwanzoni. Mzee mmoja jirani yetu alikuja akasikiliza hiyo sura ya mtambo, hakusema mengi, ila alitusahihisha tulipokuwa tunabishana kama mchimbaji anaweza kujua hatari kwa kusikia tu. Akasema ndiyo, mwamba unasema kabla haujaanguka, unasikia vijiwe vidogo vinadondoka kwanza, na aliyezoea anatoka, mgeni anabaki anashangaa. Basi nikaona Pierce Brown amefanya kazi yake vizuri.

Na hii habari ya rangi kupanga nani afanye kazi gani, kwa msomaji wa Uganda sio ya kubuni sana. Wakati wa Mwingereza mkulima Mwafrika alilima pamba lakini kuichambua na kuiuza nje ilikuwa mikononi mwa wengine, na mwaka 1949 watu wa Buganda waliinuka, moja ya madai yao ilikuwa wachambue pamba yao wenyewe, na wachague machifu wao wenyewe. Tumesoma hizo shuleni kama tarehe tu za kukariri. Nimezikumbuka niliposoma vile Wekundu wanachimba utajiri wa sayari zote na hawajawahi kuuona unaenda wapi.

Sasa Eo. Sitamaliza uhondo wote, lakini hili linatokea mapema sana kitabuni kwa hiyo sio siri kubwa. Eo anamuonyesha Darrow bustani iliyofichwa, wanakamatwa, wanachapwa viboko mbele ya gavana mkuu wa Mirihi, na Eo akiwa anachapwa anaimba wimbo uliokatazwa. Ananyongwa kwa ajili ya wimbo. Mirihi mvuto wake ni mdogo, mtu akinyongwa hafi haraka, kwa hiyo desturi yao ni kwamba anayekupenda ndo anakuja kuvuta miguu yako ili usiteseke. Darrow anavuta miguu ya mke wake. Hapo nilifunga kitabu nikatoka nje, banange.

Malalamiko yangu ya kwanza yako hapohapo. Eo ndo mwenye akili ya siasa katika ile ndoa. Darrow anataka tuzo na amani, Eo ndo anauliza kwa nini tunaishi kama watumwa. Alafu mwandishi anamuua mapema sana ili mwanaume apate hasira ya kutembea nayo kitabu kizima. Ningetaka nimsikie zaidi. Ningetaka sura hata tatu nne za yeye na wanawake wenzake wanaofuma hariri, wanasema nini wakiwa peke yao, wanamuogopa nani.

Baada ya hapo Darrow anagundua uongo mkubwa. Wekundu wameambiwa wao ni mashujaa, wanachimba ili siku moja juu ya Mirihi kukalike na binadamu waje. Kumbe juu kunakalika zamani, kuna miji, kuna mito, kuna watu wanastarehe, na imekuwa hivyo vizazi na vizazi. Hiyo sehemu ni fupi na inapita kwa kasi lakini inauma. Wana wa Ares, ambao ni waasi wa chini kwa chini, wanamchukua, wanampeleka kwa fundi wa tabaka la Zambarau anayechonga miili, anambadilisha mifupa, macho, nywele, mikono, mpaka anafanana na Dhahabu, na wanamuingiza kwenye chuo cha watoto wa Dhahabu awapindue kutokea ndani. Maumivu ya hiyo kazi yameelezwa vizuri, hakuna uchawi wa dakika moja.

Chuo chenyewe ni nusu ya kitabu na zaidi. Nyumba 12, kila moja na ngome yake, wanapigana mpaka moja iwatawale wengine wote, anayeshindwa anakuwa mtumwa wa aliyeshinda. Ukisoma bodingi hapa Uganda utaelewa haraka lile joto la haus dhidi ya haus, ila hapa wanauana kweli. Usiku wa kwanza kabisa kuna mtihani mmoja wa kikatili ambao sitausema, lakini unamfunga Darrow na deni kwa rafiki yake Cassius, na kila mara Cassius anapocheka naye unatetemeka. Sevro nimempenda, mdogo, mchafu, mwaminifu. Na yule msichana anayeitwa Mustang ndo pekee anayemshinda Darrow kwa kufikiri.

Hapa kuna jambo zuri sana. Darrow anaanza kwa kupigana kama Dhahabu, kwa hofu na mijeledi, na anaanguka vibaya. Akija kusimama tena anafanya tofauti, hawafanyi watumwa wale aliowashinda, anawapa nafasi ya kustahili, na jeshi lake linakuwa na nguvu ambayo wengine hawaelewi imetoka wapi. Alichokisoma kwenye njaa ya Lambda ndo kinamsaidia. Na wakati huohuo waalimu walioko juu wanamsaidia mtoto wa mkubwa kwa siri ili ashinde, yaani hata Dhahabu wenyewe wana Gamma wao. Nilipoliona hilo nikarudi nyuma kusoma tena sura ya Laurel.

Lakini huko chuoni Wekundu wamepotea. Kurasa nyingi mno hakuna Mwekundu, hakuna Waridi, hakuna Kahawia mwenye jina na neno lake, ni watoto wa matajiri tu na mapanga. Kitabu kinachosema kuhusu walio chini kinatumia muda wake mwingi kushangaa uzuri na nguvu za walio juu. Kati kati inachosha pia, ngome hii ngome ile, ningepunguza sura kadhaa.

Mzazi ajue kuna damu nyingi, viungo vinakatwa, na kuna sehemu ya wasichana kudhalilishwa kwenye ngome moja, haikuelezwa kwa undani lakini ipo na inaeleweka. Mi singempa mtoto wa primary wala wa Senior 1. Wa Senior 4 na kuendelea sawa. Kiingereza ni cha sentensi fupi fupi, anasimulia Darrow mwenyewe, ukivuka yale maneno ya kubuni ya mwanzoni unaenda mbio, ni karibu kurasa 400 na sura zake fupi. Wanaopenda kusikiliza wapo na sauti ya Tim Gerard Reynolds, anasoma vizuri mno, ila faili ni zito, tafuta waifai usimalize bando lako.

Nampa nne kwa tano, na moja nimeikata kwa ajili ya Eo na kwa ajili ya Wekundu waliosahaulika chuoni. Ukikipenda endelea na Golden Son (2015) na Morning Star (2016), hivyo vitatu vinafunga hadithi yake. Ila usiishie hapo. Cha nne, Iron Gold cha 2018, ni miaka kumi baadaye, wanasimulia watu wanne, na mmoja ni Lyria, msichana Mwekundu wa ukoo wa Gamma. Waasi wameshinda, Wekundu wametolewa migodini wamewekwa kambini, na kambini wanakuja Wekundu wenzao kuwaua Gamma kwa sababu ya zile tuzo za zamani. Familia yake inachinjwa. Niliposimulia hiyo, yule kijana aliyeuliza kwa nini Gamma hawakugawana alikuwepo. Ameniomba nimwazime hicho cha nne akisome mwenyewe, na nimempa.