Seti ya dripu ya matone 20: nzuri, ila gurudumu lake lichunge

Kwa mwanafunzi wa uuguzi anayeanza zamu wodi ya watu wazima, seti ya kawaida ya dripu, isiyo na pampu, ni mwalimu mzuri kuliko mashine nyingi. Tunaipendekeza, kwa masharti.

Kabla ya kuchana pakiti, soma namba. Nyingi ni matone 20 kwa mililita, nyingine 15, na zile za watoto 60. Daktari akiandika lita 1 kwa saa 8, hiyo ni mililita 125 kwa saa; zidisha kwa 20, gawanya kwa 60, unapata matone 42 kwa dakika. Matone hayohayo 42 kwenye seti ya 15 yatamaliza lita kwa saa 6 hivi. Kwenye ya 60, karibu siku nzima. Mzee mwenye moyo dhaifu anaweza kujaa maji mapafuni kwa kasi ile ya seti ya 15. Pakiti isiyo na namba irudisheni stoo, tafadhali.

Chemba yake, kile kikopo ambamo matone hudondokea, ni laini na inaonyesha vizuri. Funga gurudumu (kibanio cha mrijani kinachoongoza kasi) kwanza, choma chupa, kisha minya chemba hadi ijae nusu. Ikijaa zaidi, tone halionekani likidondoka. Ikiwa na maji kidogo mno, hewa huteremka mrijani. Chupa ngumu ifungulie kifuniko kidogo cha hewa ubavuni mwa chemba. Mfuko laini hauhitaji. Ile tabia ya kutoboa chupa kwa sindano ili hewa iingie inafungulia vijidudu mlango, na kifuniko kipo!

Udhaifu ni gurudumu. Mrija hubonyea pale lilipokaza, na kasi inahama yenyewe. Hesabu dakika nzima, rudia baada ya dakika 15, halafu kila saa, na kila mgonjwa anapogeuka au kukunja kiwiko. Dripu ikisimama, usikimbilie kufungua zaidi wala kusukuma maji kwa bomba la sindano. Shika mkono: ukiwa umevimba, wa baridi na unauma pale kwenye kanula (kimrija kilichoingizwa mshipani), maji yako nje ya mshipa. Funga, toa kanula, tafuta mshipa mwingine.

Kwa damu usiitumie hii. Chukua seti yenye chujio la mikroni 170 hadi 200 ndani ya chemba.