Chujio lipi la tangi la samaki? Tazama hewa kwanza

Maji yanaweza kung'aa kama kioo na samaki wakafa humo humo, maana amonia, sumu inayotokana na taka za samaki, haionekani. Uchafu unaoelea ni jambo dogo. Kazi kubwa ya chujio ni kuwapa makazi bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Bakteria hao nao wanapumua: gramu 1 ya nitrojeni ya amonia huwamalizia zaidi ya gramu 4 za oksijeni, na maji ya nyuzijoto 30 hubeba takriban miligramu 7.5 tu kwa lita. Ndiyo maana napanga machujio kwa hewa.

La kwanza kwangu ni sifongo linaloendeshwa na pampu ya hewa. Bei yake ni ndogo, halimezi samaki wachanga, na viputo vikipanda huvuta maji kupitia sifongo na kutikisa uso wa tangi. Hapo usoni ndipo oksijeni nyingi huingilia. Viputo vyenyewe huchangia kidogo. Ubaya wake ni kelele, na sura yake haimpendezi kila mtu. Nunua pamoja na valvu ya kuzuia maji kurudi, la sivyo umeme ukikatika maji yanaweza kufuata mpira hadi kwenye pampu.

La pili ni la kuning'inia ukingoni. Maji yake huanguka kama maporomoko madogo, kwa hiyo hewa haikosekani. Tatizo ni katriji, yaani kipande cha kuchujia kinachochomekwa ndani, unayoambiwa uitupe mara kwa mara: unatupa bakteria wako pamoja nayo. Mimi huweka sifongo badala yake.

La tatu ni la mtungi uliofungwa. Kwa tangi la lita 200 na zaidi linafaa sana, kwani lina nafasi kubwa na ukimya. Ila umeme ukikatika kwa saa kadhaa, oksijeni ya ndani huisha na maji huanza kuoza. Umeme ukirudi, usiliwashe kabla ya kumwaga maji hayo na kulisuuza.

La chini ya changarawe nimeliweka mwisho. Kulisafisha ni adhabu.

Lolote utakalochukua, bakteria huhitaji wiki 4 hadi 6 kujijenga, kwa hiyo ongeza samaki kidogo kidogo. Sifongo lisuuze kwa maji uliyochota tangini; klorini ya bombani inawaua.