Hojaji ya ECR-R baada ya usaliti wa ndoa: nzuri kwa mazungumzo, mbaya kwa kumsaka mchepukaji

Hojaji hii, ambayo jina lake refu ni Experiences in Close Relationships-Revised (uzoefu katika uhusiano wa karibu, toleo lililorekebishwa), ilitolewa mwaka 2000 na wanasaikolojia Fraley, Waller na Brennan. Ni ya bure, ina kauli 36, na inapima mambo mawili tu: hofu ya kuachwa na tabia ya kukwepa ukaribu. Kwa hayo mawili tunaipa alama za juu. Balaa huanza inapofanywa kipimo cha nani atachepuka.

Kila kauli hupewa alama 1 hadi 7, yaani kutoka kukataa kabisa hadi kukubali kabisa. Kauli 18 za kwanza ni za hofu, 18 za mwisho ni za kukwepa, na kila kundi hutafutiwa wastani wake. Zichanganye kabla ya kumpa mtu, la sivyo atashtukia mapema anachoulizwa. Wengi huharibu hesabu kwenye kauli za kinyume, yaani zile ambazo kuzikubali huonyesha hofu au kukwepa kidogo, kwa mfano inayosema kwamba ni rahisi kumtegemea mwenza. Hizo hugeuzwa kwa kutoa alama kwenye 8, hivyo 6 inakuwa 2. Kwenye hofu zipo 2, ila kwenye kukwepa zipo 12. Chukua mtu aliyejibu 6 kwenye hizo 12 na 2 kwenye sita zilizobaki: wastani wake halisi ni 2, lakini ukisahau kugeuza utapata 4.7. Mtu aliye karibu kabisa na mwenzake anaitwa mkwepaji kwa uzembe wa hesabu, na ndoa yenye jeraha inaongezewa lingine.

Kosa jingine ni la wakati. Aliyegundua usaliti juzi lazima akubali kwa nguvu kauli kama "naogopa mwenzangu ataacha kunipenda". Hofu hiyo imeletwa na tukio lenyewe, kwa hiyo usiisome kama chanzo chake. Ni heri kusubiri wiki kadhaa, mshtuko ukipungua.

Halafu kuna dhana iliyozagaa kwamba mkwepaji ndiye mchepukaji. Utafiti wa Russell, Baker na McNulty wa mwaka 2013, uliowafuatilia wanandoa wapya, haukuonyesha hivyo. Uwezekano wa usaliti uliongezeka pale mmoja wao, awe msaliti au mwenza wake, alipokuwa na hofu kubwa ya kuachwa. Kukwepa kwa msaliti mwenyewe hakukuhusiana na usaliti. Inaeleweka: anayehisi hapendwi vya kutosha huweza kutafuta uthibitisho huo nje. Ila tusimame hapo hapo, kwa sababu hofu ya aliyesalitiwa haimwondolei msaliti dhamana ya alichochagua kufanya.

Matumizi tunayoyapendekeza ni haya: kila mmoja ajaze peke yake, kisha wakae pamoja na mshauri wakizipitia kauli ambazo majibu yao yanapishana kwa alama 3 au zaidi. Hapo ndipo maneno hutoka. Msiigawe katika mafungu ya "salama" na "asiye salama". Walioiunda hawakuweka mpaka wa namna hiyo, ni mizani inayopanda na kushuka.

Mwenye muda mfupi atumie ECR-RS ya mwaka 2011, hojaji fupi ya jamii hiyo hiyo. Ina kauli 9, ambazo hurudiwa kwa mama, baba, mwenza na rafiki, na huonyesha haraka kama hofu iko kila mahali au kwa mwenza peke yake. Kauli zake 4 za kwanza nazo hugeuzwa.