Wasifu wa Theodor von Schön: nakala ya mtumba, Barabara ya Tom Mboya, Nairobi

Bei ni shilingi 500, bila kupunguziwa. Kwa karatasi tu, ni ghali: gundi ya mgongo imekauka na kurasa za mwanzo zinachomoka. Paka gundi nyeupe ya seremala, mstari mwembamba tu, kisha ulaze kitabu chini ya matofali mawili usiku kucha. Ukizidisha, kurasa zitagandana.

Yaliyomo ndiyo yanayolipa. Schön (1773–1856) alikuwa mkuu wa mkoa wa Prussia, katika ufalme wa Kijerumani wa jina hilohilo, kuanzia 1824 hadi 1842, na shamba lake lilikuwa Arnau, karibu na mji wa Königsberg (leo Kaliningrad, Urusi). Sura nzuri kuliko zote ni ya amri ya Oktoba 1807, aliyoshiriki kuiandika, iliyofuta utumwa wa wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya bwana kufikia Novemba 1810. Ila soma na kuhusu amri ya 1811 pia: mkulima mwenye haki ya kurithi alimwachia bwana theluthi ya shamba, asiye nayo akaacha nusu. Uhuru wa kulipia, basi.

Vipimo vitakukwaza. Morgen moja, kipimo cha ardhi cha Prussia, ni kama mita za mraba 2,553, yaani nusu ekari na kidogo; ukiisoma kama ekari, kila shamba litavimba.

Kitabu ni cha Kijerumani, kwa herufi za mtindo wa kale, ambapo s ndefu hufanana na f. Programu za kutafsiri za simu huchanganya hizo mbili. Angalia kijistari cha katikati: kwenye f kinakata nguzo hadi upande wa kulia.