Walimpima binti yangu kwa twiga asiye na kwato

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma. Kupima watu ndiyo kazi inayonilisha. Nimepima maharusi, nimepima watoto wa shule wanaojazana mlangoni kila Januari wakitaka sare, nimepima wazee wa Ujiji wanaotaka kanzu zao zisiguse vumbi. Kwa hiyo mtu akinisimamisha mbele za watu na kuniambia mtoto wangu amezidi kipimo, nami futi iko kwenye pochi, lazima tuelewane.

Nazungumzia ile sehemu ya michezo ya watoto ambayo wengi wetu wenye watoto wadogo tumekuwa tukienda. Jina lake sitaliandika. Nilinunua kadi ya mwaka, mbili, moja ya kaka mtu mwenye miaka sita na moja ya mdogo wake ambaye wakati ule alikuwa ndiyo kwanza ametimiza mitatu. Kwa miezi kama tisa nilikuwa mpiga debe wao wa bure. Mteja akija kushonewa na mtoto anamsumbua, namwambia mchukulie kadi, utanishukuru. Leo naomba radhi kwa kila niliyemwambia hivyo.

Ilikuwa sikukuu ya Idi. Tumetoka kwa bibi yao Ujiji, pilau imeliwa, tukachukua bajaji sisi watatu. Binti yangu alikuwa amevaa gauni la njano la marinda nililomshonea usiku wa kuamkia sikukuu, na nywele zake zimesukwa za kusimama, zimekusanywa utosini na kufungwa kifundo. Njia nzima anauliza kama dada wa puto, yule anayesimamia puto la kurukia watoto, atamwona na gauni lake. Tulipofika foleni ilikuwa imefika barabarani. Tukapanga kama watu wengine.

Kaka yake akapita, kadi yake ikatazamwa, akaingia. Mdogo akaambiwa, "Sogea kwa twiga."

Pale getini ukutani pamechorwa twiga, na shingoni mwake kuna mstari mwekundu. Kadi ya wadogo ni ya mtoto asiyefika mita 1. Anayezidi ni wa kadi ya wakubwa, ambayo bei yake ni nyingine. Hilo nililijua tangu siku ya kununua, sidai kuwa nilifichwa. Kijana wa getini akachukua kipande cha ubao, akakilaza juu ya kile kifundo cha nywele, akatazama ukutani. "Huyu kadi yake imekufa. Lipia elfu saba."

Nikamuuliza imekufaje wakati ina miezi mitatu mbele. Akasema, "Amekua." Alilitamka neno hilo kama vile mtoto kakutwa na kitu cha wizi.

Nikamwambia yule kijana, mdogo wangu, hizo ni nywele, pima kichwa. Akaagiza avuliwe viatu. Nikamvua. Bado akasema amezidi. Kisha akaweka kiganja chake juu ya kifundo na kukandamiza. Si kugusa, kukandamiza, mpaka shingo ya mwanangu ikazama mabegani na macho yakamjaa machozi. Nyuma yetu watu wamesimama na watoto wao wanatazama. Kaka yake ameshika nondo za geti kwa ndani anauliza, "Mama, kwa nini haingii?"

Hapo nikatoa futi. Nikamsimamisha binti yangu wima, visigino vimegusa ukuta, nikatenga nywele kwa kidole mpaka kwenye ngozi, nikapima. Sentimita 97. Nikapima tena, 97. Sasa nikaweka futi chini kwenye sakafu, nikaipandisha hadi kwenye ule mstari wao mwekundu. Sentimita 94.

Naomba msomaji anielewe vizuri. Mstari unaoitwa wa mita 1 ulikuwa sentimita 94 kutoka chini. Sikuelewa kwa nini, mpaka nikainama. Yule twiga hakuwa na kwato. Miguu yake ilikuwa inaingia moja kwa moja kwenye pevingi. Wamepanga vitofali vya pevingi juu ya sakafu ya zamani ili pale mlangoni pasituame maji ya mvua, jambo zuri kabisa, lakini hakuna aliyekumbuka kuusogeza mstari. Pevingi moja unene wake ni kama sentimita 6. Toa 6 kwenye 100 uone unapata ngapi. Nyumbani nilitafuta kwenye simu picha tuliyopiga siku ya kwanza: binti yangu amesimama pembeni ya twiga yuleyule, na kwato nne nyeusi zinaonekana zote.

Nikamwonyesha kijana futi. Hakuitazama hata kidogo. Akasema, "Mama, sisi hatutumii futi za mafundi. Tunatumia mstari."

Bibi mmoja nyuma yangu akasema jamani mwacheni mtoto apite, leo sikukuu. Mwingine akasema tulipe tupishe foleni. Na mimi nikalipa. Kaka yake yuko ndani, mdogo analia nje, jua la saa nane linapiga, nikatoa elfu saba. Mpaka leo hilo linaniuma kuliko yale maneno. Nilikuwa na haki mkononi, imeandikwa kwa sentimita, nikalipa.

Haikusaidia kitu. Binti yangu alikaa kwenye benchi na gauni lake la njano, hakutaka puto, hakutaka treni. Dada wa puto alimfuata mpaka pale, akachuchumaa, akalisifu gauni lake, akampangusa machozi kwa kanga yake mwenyewe. Huyo dada sina neno baya naye. Ndiye anayewajua watoto kwa majina, anawavua viatu na kuvipanga jozi kwa jozi, anahesabu wanaoingia na wanaotoka, na akiona wakubwa wanaruka kwa fujo anawatoa ili wadogo wapate zamu yao. Kama sehemu ile yote ingekuwa mikononi mwake nisingeandika haya.

Na niseme ukweli kwa nini nilinunua kadi, maana kuna mtu ataniambia si uwapeleke ziwani, ni bure. Ziwani tunawapeleka. Lakini Tanganyika si bwawa. Lina kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani, na kuna mahali unapiga hatua chache tu kutoka ufukweni mguu haupati chini. Kuna kichocho, kuna mamba. Mwenye watoto wawili wadogo na macho mawili hapumziki ziwani, anahesabu vichwa. Pale kwenye michezo nilikuwa naweza kukaa nikala karanga. Nilikuwa naweza kuchukua pindo la nguo ya mteja nikalishona kwa mkono huku wanacheza. Jioni kukiwa hakuna ukungu, ukisimama juu ya mtelezo unaona milima ya Kongo ng'ambo, na binti yangu alikuwa anaipungia mkono kabla ya kuteleza. Watu wa Dar es Salaam wana Kunduchi na kwingine. Sisi kutoka hapa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Tukipata sehemu moja ya watoto wetu tunaishika kwa mikono miwili, na nadhani wenye sehemu ile wanalijua hilo, ndiyo maana hawaogopi kutupoteza.

Usiku ule sikulala, nikakaa na simu nikisoma. Kule Disneyland ya California, iliyofunguliwa mwaka 1955, bei ya mtoto inakwenda kwa umri: chini ya miaka 3 haulipi, kuanzia 3 hadi 9 ni bei ya mtoto. Kimo kinapimwa kwenye mashine zenyewe, ziko zinazotaka mtoto afike sentimita 102 ndiyo apande. Hiyo naielewa na ninaiunga mkono. Mkanda na chuma cha kumzuia mtoto vimetengenezwa kwa mwili wa ukubwa fulani, akiwa mdogo mno atachomoka. Mlinzi akimkataza mwanangu kupanda kitu kwa sababu ni mfupi, nitamshukuru na kumnunulia soda. Lakini huku kwetu mtoto anakatazwa kwa sababu ni mrefu, na dawa ya urefu wake ni elfu saba. Angekuwa hatarini, elfu saba ingempunguzia hatari?

Halafu kuna hesabu nyingine, na hii ni ya mstari hata ukiwa sahihi. Mama yeyote aliyepeleka mtoto kliniki anajua. Mtoto wa kike wa miaka mitatu kwa wastani ana kama sentimita 95. Akitimiza minne anafika karibu 103. Sasa wewe unamuuzia mama kadi ya mwaka mzima ya mtoto wa miaka mitatu, yenye mwisho kwenye mita 1. Unajua, au ulipaswa kujua, kwamba watoto wengi watauvuka mstari kabla kadi haijaisha. Mimi nikishona sare ya mtoto naacha pindo la kushusha, kwa sababu najua atakua. Nachukua hela ya nguo ya mwaka, nampa nguo ya mwaka.

Ningeweza kuishia hapo nikasema ni elfu saba tu, sikukuu ina mambo yake, kijana alikuwa amechoka. Kweli alikuwa amechoka, alisimama juani tangu asubuhi, na huenda aliyemweka pale alimwambia asimhurumie mtu. Siku mbili za kwanza nilijaribu kuwaza hivyo. Halafu jioni ya siku ya tatu niliweka ugali na mgebuka wa mawese mezani, chakula anachokipenda kuliko vyote, binti yangu akala matonge mawili akasukuma sahani. Nikamgusa paji la uso, hana homa. Nikamuuliza tumbo linauma? Akatikisa kichwa. Nikambembeleza sana mpaka akasema, "Nikila nitakua, halafu watanikataza."

Tangu amezaliwa namwambia kula ukue. Bibi yake anamwambia kula ukue. Nesi wa kliniki kila akimweka kwenye mizani na mstari wa kadi ukapanda anampigia makofi. Sasa mtu mwenye kipande cha ubao kamwambia kukua ni kosa, na yeye kamwamini.

Asubuhi nilifunga cherehani nikaenda. Nilimkuta mama mmoja ofisini, ndiye msimamizi. Nilimpa simu atazame picha ya zamani, nikamtoa nje mpaka ukutani, nikaishusha futi mbele yake. Yeye aliinama, akatazama kwa macho yake, akasema, "Kweli mama, hana kwato." Alinirudishia elfu saba yangu palepale, akaita mtu aje na rangi. Kwa hilo nampa haki yake, hakubishana. Nilipomuuliza habari ya kadi inayoisha mtoto akikua, akasema hiyo ni juu ya tajiri mwenyewe, atalifikisha. Nilipomwambia habari ya yule kijana kumkandamiza mtoto kichwa, akasema atamwonya, akaniomba tuyaache.

Kwa hiyo nikirudi nyumbani nilikuwa nimelainika. Nilisema nitaandika vizuri tu, niseme kulikuwa na kasoro imerekebishwa, watu waendelee kwenda. Na kwa kiasi fulani bado nasema hivyo. Unayetaka kadi kwa mtoto wa mwaka mmoja au miwili, nunua, hutajuta, na mtafute dada wa puto. Wa mitatu kwenda minne, usinunue mpaka wakuandikie nyuma ya risiti, kwa kalamu na mhuri, kwamba kadi itamalizia mwaka wake hata mtoto akiuvuka mstari. Wakikataa, rudi na hela yako, lipa kwa siku. Na pima mwenyewe ukuta wao kabla hawajampima mwanao, futi ya fundi ni bei ndogo tu sokoni.

Wiki iliyofuata, siku ya kazi, hakuna watu, niliwapeleka tena. Kijana mwingine getini, mpole, akatabasamu, hakumpima mtoto wala hakutazama kadi, akasema piteni. Mstari mpya umepakwa juu kidogo ya ule wa zamani, na wa zamani umefutwa kwa rangi ya manjano ambayo haijauziba vizuri. Kaka yake akakimbia ndani. Mimi nikapita, nikageuka kumwita mdogo.

Alikuwa amesimama mwenyewe kwa twiga, mgongo ukutani, kimya, bila kuambiwa na mtu. Magoti ameyakunja.